Lori Nililolisugua Kupita Kiasi

Timau, Jumamosi.

Ukungu ulishuka mapema leo ukalalia ngano hadi karibu saa nne. Mlima hatukuuona kabisa. Mikono yangu bado inanuka mafuta ya taa, na kalamu inateleza kwa grisi ambayo sabuni imeshindwa kuitoa.

Lori limeuzwa.

Naliandika hilo kwanza, ili siku nitakapousoma ukurasa huu nisije nikashikwa tena na wasiwasi nilioupata leo mchana.

Hii nyumba yetu ya magurudumu ni lori kuukuu lililojengewa chumba cha mbao mgongoni. Ndani mna kitanda, rafu, dirisha moja, na kwenye kona sanduku la udongo lenye mafiga matatu. Mwenye shamba aliijenga ili karani wa ngano alale karibu na wavunaji popote wanapohamia. Karani huyo nikawa mimi, baada ya shule niliyofundisha Embu kufungwa mwanzoni mwa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, na watu wa kilima chetu kusukumwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Nilikuja huku na mke wangu Wawira na sanduku la vitabu. Nilidhani ni kwa msimu mmoja. Nywele zimekuwa nyeupe nikihesabu magunia ya watu wengine.

Mwenye shamba alipoondoka nchini aliniachia lori. Nadhani ilimwia vigumu kulipeleka Ulaya.

Sasa tumeruhusiwa kurudi kwetu. Shamba letu limepimwa na kuwekewa mipaka, lakini ndugu yangu ametuma neno: asiyesimamisha nyumba kabla ya mvua za vuli, jirani ataanza kulima kuvuka mpaka. Nawajua majirani wetu. Hupanda mihogo kwanza, wakaomba radhi baadaye. Bila kuuza lori sina mabati, na bila mabati sina nyumba ya kusimamisha. Kwenda nalo pia haiwezekani, kwa maana njia ya kwetu huvuka mto juu ya gogo.

Kwa hiyo nimekuwa chini ya lori tangu wiki iliyopita, mgongo kwenye gunia. Nimepaka grisi kila kiungo nilichokifikia. Nimezibua rejeta ya kupozea injini kwa maji ya moto na magadi, nimebadilisha plagi, nimefunga upya springi ya nyuma iliyokuwa ikilia kama mbuzi. Paa lilikuwa likivuja juu ya vitabu; nimeliziba kwa lami na kitambaa cha turubai. Ubao mmoja wa sakafu ulikuwa umeliwa na mchwa, nikaung'oa na kuweka mwingine wa mwerezi. Breki zinashika. Injini imechoka, nami sikumficha mnunuzi: lori litatembea hapa kwenye tambarare na kwenda Kibirichia, ila asithubutu kushuka nalo Meru likiwa na mzigo.

Mnunuzi mwenyewe ni Mwirigi wa Kibirichia, mfanyabiashara wa viazi. Anataka kulizungusha sokoni, wapakiaji wake wapate mahali pa kupikiwa na kulala.

Kazi ya injini ilipokwisha, nikaona chumba nacho kipendeze. Hapo ndipo nilipojiponza. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka yote hiyo. Nilizisugua kwa majivu na mchanga hadi mbao zikaonyesha nyuzi zake, kisha nikazipaka chokaa. Dari pia. Jana jioni nilisimama mlangoni nikajisifu kama mwanafunzi aliyepiga mstari bila rula.

Wawira alichungulia, akasema tu, "Haya." Nilipaswa kuelewa.

Leo Mwirigi alikuja na mama yake, bibi mwembamba mwenye fimbo na shuka mbili begani. Mwirigi alilizunguka lori, akapiga hendeli, injini ikaitika mara ya pili. Akatabasamu. Nilikuwa nimeshaanza kuyaona mabati yangu yakimeremeta kwenye kilima. Ndipo mama yake alipopanda ngazi, akaingiza kichwa mlangoni, akanusa, akashuka.

"Humu alikufa nani?" akauliza. Aliuliza kwa Kimeru, lugha ninayoielewa kama mtu anavyomwelewa binamu yake.

"Mama, hili ni lori," Mwirigi akasema, akitazama viatu vyake.

"Lori huwekewa mafiga? Lori huwekewa kitanda? Nilikuzaa na macho mawili, Mwirigi, yatumie. Hiki chumba kimeoshwa kama maiti."

Sisi wa pande hizi za mlima, Mmeru kwa Mwembu, tumelelewa na jambo hilo. Mtu akifia ndani, nyumba huachwa. Halali tena mtu humo, hapikiwi tena mtu humo. Kanisani tunajifanya tumelisahau, lakini sijamwona Mkristo aliyehamia nyumba kama hiyo kwa furaha. Na nyumba ya watu walio hai huwa na masizi. Nyumba isiyo na masizi hata chembe, wakati mafiga yake yamelika kwa moto, ina kitu inachokificha.

Mimi, mwalimu wa watu, nilikuwa nimewafuta kwa mikono yangu mashahidi wangu wote.

Nilianza kueleza habari za usafi na afya. Nikajisikia nikiongea kama ubao wa tangazo. Mwirigi alivaa kofia yake. Mtu akivaa kofia katikati ya mapatano, mapatano yamekwisha.

"Mwalimu, usinione vibaya," akaniambia. "Mama akikataa, wapakiaji watasikia, na hakuna atakayelala humu."

Wawira alikuwa nyuma akianika nguo na binti yetu mdogo, Igoki. Alikuja akijifuta mikono, akicheka.

"Mama, huyu mzee wangu akishika sabuni hajui kuachia. Mimi mwenyewe nimenusurika. Njoo nikuonyeshe mahali mkono wake haukufika."

Akampandisha bibi tena, akainua ubao wa kitanda. Chini yake ukuta ulikuwa mweusi tititi, masizi mazito kama ukoko wa sufuria. Bibi akapitisha kidole, akakitazama.

"Humu hakufa mtu," Wawira akasema, sauti imeshuka. "Humu alizaliwa mtu. Yule pale."

Bibi akamtazama Igoki, kisha akaanza kuuliza maswali ambayo ni mkunga tu angeyauliza.

"Ulishika nini wakati wa uchungu?"

"Hiyo boriti ya mlangoni. Ilikuwa usiku wa kafyu, hospitali hatungefika."

"Kondo la nyuma mlilizika wapi?"

"Kule mwisho wa ngano, kwenye nyasi ambazo jembe halijagusa. Baba yake alilipeleka kulipokucha."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Kwa desturi pale ndipo panapofaa, mwongo asingepataja.

"Na vigelegele mlimpigia?"

Wawira akanigeukia. Mimi nikajibu kwa niaba yake: hatukupiga. Walinzi wa serikali walikuwa kambini ng'ambo ya korongo, na siku zile sauti ya shangwe gizani ilijibiwa kwa bunduki. Tulimkaribisha mtoto kwa kunong'ona.

Bibi akaegemeza fimbo kwenye ubao. Akasimama katika mlango wa lori, mkono mmoja kwenye boriti ileile, akapiga vigelegele. Alivipiga vyote, kwa hesabu ambayo desturi imempangia mtoto wa kike, bila kupunguza hata kimoja, na Wawira akaitikia. Wapalizi kule kwenye viazi waliinua vichwa. Igoki alijificha nyuma ya khanga ya mama yake, halafu akatoa jicho moja.

Niligeuka nikajishughulisha na nati ya gurudumu ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Lipa," bibi akamwambia mwanawe. "Hii ni nyumba ya heri." Kisha akanigeukia mimi: "Mafiga si ya kuuza, mwalimu. Beba mafiga yako."

Nimekuwa nikiogopa breki, rejeta, mchwa. Nilikuwa na majibu ya hayo yote. Sikujua kwamba nyumba yetu ingeulizwa ilikuwa imeishi vipi, wala kwamba Wawira alikuwa amelibeba jibu hilo kimya, pamoja na vigelegele alivyonyimwa.

Nimepumua. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopumua hivi.

Kesho Mwirigi atakuja kulichukua, nami nitamfundisha kulibembeleza asubuhi za baridi. Baada ya hapo tutashuka Meru, tupite Chuka, hadi gogo la mto wetu. Nitaezeka mabati kabla ya mvua. Kuta sitazigusa. Nimemwahidi Wawira kwamba atazipaka mwenyewe, kwa moshi wake.

Jioni hii tulipika kwa mara ya mwisho humu ndani. Mafiga sasa yamo kwenye gunia kando ya vitabu. Nimeyagusa kabla ya kuketi kuandika. Bado yana joto.