Gia ya Tatu Inayoruka

Tarehe 3 Machi

Baba, shikamoo.

Goti linasemaje? Kaka anasema tangu uhamie kwake umeanza kupanda ngazi, nimefurahi. Huku sote wazima. Kwenye simu tunagombana kabla ya salamu, ndiyo maana naandika.

Nimesikia trekta umemuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, analifuata tarehe 28. Nimesikia kwa watu! Mimi ninayelala ukuta mmoja nalo! Baba, leo nimeliwasha, injini inanguruma vizuri. Mgonjwa ni giaboksi tu, gia ya tatu inaruka. Niruhusu niifungue. Zimebaki siku ishirini na tano, ishirini zinanitosha.

Najua ulinifukuza gereji nikiwa na miaka kumi na tatu. Ufundi nimeuokota kwa watu baki, mwaka wa kumi na tisa huu, na magari yao yanatembea. Lako tu ndilo sijaruhusiwa kuligusa.

Binti yako

Tarehe 8 Machi

Mwanangu, marahaba.

Goti linakunja, kukunjuka ndiyo kazi.

Mkono wa gia hiyo nimeushindilia kwa paja miaka yote hii isichomoke, wewe unataka kuiponya kwa siku ishirini? Meno yameliwa, na hakuna duka linalouza kipuri chake tena. Na ya gereji usinikumbushe. Nilikuwa naifunga giaboksi hiyohiyo, nikakupa kopo la vipuri ushike, gololi moja ikakosekana. Uliipoteza, nikakutoa. Fungua ukitaka. Tarehe ni ileile.

Baba yako

Tarehe 14 Machi

Baba, shikamoo! Goti nitaliuliza mwishoni, nisamehe. Madoa haya ya oili ni yangu.

Nimefungua! Unajua mle ndani kuna fito mbili za kubadilishia gia, na juu ya kila ufito kuna tundu lenye gololi moja na springi, vya kuubana usitoke mahali pake. Nikaanza na ufito wa gia ya kwanza na ya pili. Nimechomoa springi, ikadondoka gololi. Ikadondoka nyingine! Nikahamia ufito wa tatu na nne: springi tupu.

Baba, sikupoteza kitu. Uliziweka zote mbili tundu moja, zimegandana kwa grisi. Ndiyo maana gia ya kwanza ilikuwa ngumu kama kung'oa kisiki, na ya tatu ikawa inaruka na kujila meno.

Nilikaa sakafuni nikacheka, nikalia, halafu nikahesabu meno ya gia ya tatu. Ishirini na saba, yote yameliwa upande mmoja, milimita nne. Upande wa pili mzima kabisa! Kitovu chake, pale inapovaa shafti, kinalingana pande zote mbili, nimepima mara tatu. Naigeuza tu. Duka la nini?

Goti je?

Binti yako, asiyepoteza vitu

Tarehe 22 Machi

Baba, shikamoo.

Kaka anasema barua umeisoma mara mbili, ukaenda kulala jua likiwa bado linawaka.

Trekta limelima! Ekari tatu za jirani, gia ya tatu, jembe limezama, mikono yangu yote kwenye usukani! Mnunuzi wa vyuma akaja kuchungulia.

"Dada, nani kalitengeneza?"

"Unayemwona."

"Acha utani. Fundi yuko wapi?"

Nikamwambia apande. Nimemzungusha shamba zima amekumbatia madigadi. Alishuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Lakini mzee alinipa neno lake." Baba, zimebaki siku sita. Sema kitu.

Binti yako

Tarehe 25 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nilikuwa najaribu kuikumbuka siku ile. Nakumbuka nilivyofoka. Sikumbuki kuinama niangalie tundu la kwanza. Nilimlaumu mtoto kwa kosa la mkono wangu, na nikashikilia hivyo hivyo miaka kumi na tisa. Nisamehe, mama.

Mnunuzi nimempigia, nimemwambia asije, trekta lina mwenyewe. Kafoka, na ana haki. Kadi ya trekta nimempa kaka yako abadilishe jina, liandikwe lako.

Jumapili nakuja, goti litajijua. Ile pampu ya kunyanyulia jembe inavuja miaka nenda miaka rudi, na ukweli ni kwamba sijawahi kuielewa. Utaifungua wewe. Mimi nitakaa pembeni nikupe spana, uniambie namba tu.

Baba yako, anayeomba kazi