Kusimama Mara Thelathini

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya saba tangu kiharusi. Naandika kwa kushoto, mwandiko wa kuku. Miaka ishirini nimewachapa wakubwa magazetini kwa mkono wa kulia. Sasa umelala mapajani kama mgeni asiyeaga.

Mtaalamu wa mwendo kaja tena. Tiba yake anaiita kinesiolojia: msuli uliosahau kazi hufundishwa upya kwa kurudiarudia. Nimesoma vitabu viwili juu yake, nikamwonyesha hoja zinapopwaya. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Sawa, mama. Sasa simama."

Sikuweza.

Kaniachia karatasi. Kuinuka kitini bila kushikwa, mara thelathini kwa siku, nijaze mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Leo tatu. Ya nne nilirudi kitini kwa kishindo. Kiti hiki kinalia kila nikiinuka. Mume wangu alikuwa jikoni, anaimba ili nidhani hasikii. Ndiye ananinyanyua asubuhi, msalani, jioni. Dereva mstaafu wa lori la saruji — anasema mimi mwepesi kuliko mifuko yake. Nikamwambia saruji haijibu. "Ndiyo maana mimi nayo tulielewana," akasema.

Kwenye karatasi nimeandika 30.

Jumatatu, 10 Machi
Thelathini, thelathini, thelathini. Nazijaza kwa mkupuo baada ya chai. Niliwahi kumng'oa mkurugenzi kwa kosa hilihili: taarifa za mwezi mzima, wino mmoja, siku moja. Nilimwita mchawi wa tarakimu. Watu waliukata ukurasa ule wakaubandika ukutani.

Ukweli: jana mbili. Leo hakuna hata moja. Ya nini? Mguu huu si wangu tena.

Alhamisi, 13 Machi
Mtaalamu kasoma karatasi, uso ukamng'aa. Akaniomba nisimame. Nikasimama — mara moja naiweza. "Mama, umenizidi." Akamwelekeza mume wangu: kuanzia kesho asinishike. Nisimame, nipige hatua hadi kabatini, yeye awe kando tu, mikono chini.

Hapo ndipo pa kusema. Mume wangu alinitazama, anangoja. Mdomo huu ambao hakuna waziri aliyewahi kuufunga ukafungwa na karatasi.

Ijumaa, 14 Machi
Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua mbili.

Goti lilikunjika, mume wangu akanidaka vibaya, tukaenda chini wote. Mimi juu yake. Niliusikia mgongo wake.

Daktari kasema asinyanyue kitu wiki sita. Mimi ni kitu.

Mtaalamu kapiga simu, anajilaumu, ati ametuharakisha. Nikamwambia si kosa lake. Sikumwambia ni la nani.

Jumapili, 16 Machi
Jirani aliyetushika mkono tangu juzi katoka, atarudi mchana. Mume wangu kalala chumbani, mimi kitini sebuleni, mlango wazi kati yetu. Anataka maji ya kumezea dawa. "Usihangaike, nitamngoja jirani," akasema. Kisha nikamsikia anaugulia kwenye mto.

Nimejaribu mara sita. Pua ivuke vidole vya miguu, tulifundishwa, halafu sukuma sakafu. Sakafu haisukumiki.

Nikamwambia kupitia mlangoni: zile thelathini hazikuwapo.

Halafu: "Najua, mke wangu. Kiti kinalia. Nilikuwa nahesabu jikoni."

Nikamuuliza mbona basi aliniacha nijaribu.

"Ulinyamaza. Wewe hunyamazi kwenye uongo. Nikasema labda unafanya nikiwa nimetoka."



Karatasi iko hapa. Thelathini zote nimezikata. Leo nimeandika 0.

Anaugulia tena, sasa bila mto. Jagi liko mezani, hatua nne. Naweka kalamu. Pua mbele ya vidole —