Makala Yangu Inayonukuliwa Zaidi

Jumanne, 4 Machi
Idadi imepanda tena! Makala yangu ya usingizi na kumbukumbu, ile ya panya, inanukuliwa kila kukicha. Miaka yote ilikaa kimya kama maji mtungini. Kamati ya uprofesa inakaa Jumatatu, na kipimo chao kikubwa ndicho hicho: watafiti wangapi wamekunukuu. Mume wangu kaanza kuniita Mama Profesa mbele ya watoto. Nacheka. Lakini najiuliza. Mbona ghafla hivi?

Alhamisi, 6 Machi
Nimezisoma hizo makala zinazoninukuu. Ya kwanza: "kinyume na ilivyodaiwa na…" – jina langu. Ya pili: "matokeo ambayo hayajaweza kurudiwa…" – jina langu. Loo! Kumbe nimekuwa mfano wa kosa. Wengine wamerudia jaribio langu kwa panya wengi zaidi. Panya wakalala fofofo, wakaamka hawakumbuki kitu. Wangu walikumbuka, wallahi! Ila walikuwa wachache. Bahati tu? Sijui.
Nimemwambia mume wangu jikoni. Akakausha mikono, akafikiri. Akasema kutajwa ni kutajwa, hata mwizi hutajwa sokoni. Nikacheka mpaka machozi. Machozi yakagoma kukoma.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa idara nimemweleza yote. Hakushtuka – alikuwa anajua!
"Kamati haisomi, dada. Inahesabu. Funika kombe mwanaharamu apite."
Anasema nikikosa uprofesa, maabara ya ubongo itafungwa. Nimerudi maabara. Fundi wetu anaosha vizimba huku anaimba. Nimeshindwa kumtazama.

Jumapili
Sijala. Sijaamua.

Jumatatu, 10 Machi
Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Naandikia gotini; mwandiko gani huu!
Mwenyekiti alisoma idadi yangu, wakapiga makofi. Akauliza kama nina la kuongeza. Mkuu wa idara akainamia viatu vyake.
"Ndiyo, Mwenyekiti. Naomba msome hata moja tu kati ya makala zinazoninukuu."
Mjumbe mmoja, mama wa miwani, akafungua kompyuta, akasoma kwa sauti. Akafika "kinyume na". Akarudia.
Wakaniambia nisubiri nje.
Yule mama anapandisha sauti. Ananitetea au ananimaliza?
Mkuu wa idara ametolewa naye. Kakaa mwisho wa benchi, hanitazami.
Mwenyekiti kachungulia sasa hivi. Kauliza kama niko tayari kurudia jaribio mwenyewe, na kutangaza litakalotoka, liwe lolote. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.
Kanitazama. Kafunga mlango.