Kitanda Kile Wampe Mwingine

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo uliokuwa ukikusumbua umeshatulia. Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila paa la jikoni linavuja palepale, na fundi ameahidi mpaka ahadi zimemwishia.

Nakuandikia habari za Babu wetu, huyu ndugu yetu wa katikati tuliyempa jina hilo kwa sababu alipokuwa mtoto alitembea mikono mgongoni kama mstaafu. Unakumbuka mama alivyomfunga vifungo vya shati, mtu mzima na ndevu zake, mpaka mama mwenyewe alipotutoka. Baada ya mazishi uliniambia usonji si mafua, hauponi, na kwamba nikishaolewa hakuna atakayebaki naye. Ndiyo maana ulipomwombea nafasi kwenye kituo cha malezi, nilikubali.

Tulipokuwa tukisubiri kitanda, alikuja mwalimu mmoja wa chuo kikuu. Anafanya utafiti wa namna ya kuwafundisha watu wazima wenye usonji kazi za kila siku, akataka kujua kama Babu angependa kushiriki. Nilimwambia kwamba Babu si msemaji. Akasema basi atamuuliza mwenyewe, akavuta kiti. Alingoja hadi chai yake ikapoa, Babu akaitikia kwa kichwa.

Nilitegemea mambo makubwa, kumbe alianza na vifungo, tena kinyumenyume: yeye anafunga vyote, Babu anamalizia cha mwisho tu. Akishakizoea, anaachiwa viwili. Alinieleza kwamba kwa njia hiyo kila somo linaisha mikononi mwa mwanafunzi, naye anaondoka ameshinda. Mimi nilipewa kazi ngumu kuliko zote, kutosaidia. Nilikuwa nageukia ukutani, kaka, vidole vikiniwasha.

Halafu tukaharibikiwa. Siku ya somo la kufua nguo, jirani aliwasha mashine yake ya kukatia vyuma. Babu akaziba masikio, akapiga teke beseni, akajing'ata mkono hadi damu. Nikamwambia mwalimu imetosha. Yeye akaniuliza kwa nini Babu ndiye azoee kelele, wakati sisi tunaweza kuhamisha beseni. Tukahamia upande wa pili wa nyumba, na nguo zikafuliwa. Miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyewahi kufikiria kuhamisha beseni.

Siku hizi anavaa mwenyewe, anafua, anakaanga mayai. Yanaungua upande mmoja, na upande huo ndio anaonipa mimi.

Kisha kituo wakapiga simu kwamba kitanda kimepatikana. Nikampeleka akaone. Nisiwasingizie, ni mahali pasafi na watu wake wana utu. Mlezi mkuu alimwonyesha kitanda, akamweleza kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi, atavalishwa, atafuliwa, atapikiwa. Babu alikitazama kile kitanda kwa muda mrefu, mikono mgongoni. Kisha akasema, "Mimi nafanya mwenyewe." Akatoka, akaenda kusimama getini.

Kaka, nakuomba usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Nilimwambia mlezi kitanda kile wampe mwingine. Sikukupigia kwanza, kwa makusudi, maana nilijua ungenishawishi. Na kuhusu kuolewa, yupo mshonaji mmoja ambaye watu wake watakuja kwako kwa heshima zote. Ameshakubali tuishi hapahapa na Babu. Nilimuuliza Babu asubuhi, jioni akamsogezea mshonaji kiti cha mama.

Siku nikiugua itakuwaje, sijui bado. Mwalimu amesema yeye na wenzake wataendelea kuja, na sasa wanamfundisha kwenda dukani peke yake. Ninaogopa, lakini kumrudisha kwenye kuvalishwa siwezi.

Ninakuomba jambo moja tu. Usinipigie mimi kuuliza hali yake. Mpigie yeye, umuulize, kisha usikate simu. Jibu lake huchelewa, lakini huja.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Babu anakusalimu, nimemuuliza, naye amekubali niandike hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba