Kwale Aliyepiga Chafya

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani na kikombe chako, mgongo umetulia, na Mama akikusimanga kwa kumaliza sukari. Mimi huku ni mzima, ila jua la jangwani limenichoma hadi nimebaki macho na meno. Kazi inakwenda, na mwaka huu nina habari za kukufurahisha.

Mvua ilinyesha, Baba. Ilinyesha siku sita mfululizo, mahali ambapo mwavuli ni pambo la ukutani. Sasa kila korongo lina nyasi, nyasi zina mbegu, na kwale wanatembea na vifaranga kumi, kumi na wawili nyuma yao, bila haraka, kama wenye nyumba. Sungura nao hawasemeki. Wameitafuna bustani ya mkuu wetu wa ofisi mpaka shina la mwisho, na ndiye huyohuyo aliyeandika kwamba sungura wanapungua. Mwindaji atakayerudi mikono mitupu msimu huu, basi alikuja kulala.

Kazi yangu unaijua. Kila mwaka kabla ya msimu napita alfajiri, nasimama penye alama zangu, napuliza kifilimbi kinachoiga sauti ya kwale jike, kisha nahesabu madume wanaoitikia. Hesabu hiyo ndiyo ofisi huichapa kwenye karatasi ya kuwaelekeza wawindaji. Katika bonde la mawe mekundu nilikuwa na bahati ya ajabu. Waliitikia bila kuchoka, mmoja hapa, mwingine kule, nami naandika tu, nimevimba kichwa.

Miezi miwili iliyopita, mmoja wa kwale hao akapiga chafya.

Nilipanda kilima. Upande wa pili nikamkuta dada mmoja amekalia jiwe, kifilimbi shingoni, daftari mapajani. Ni mhesabu wa wilaya jirani, naye hupita alama zake saa zilezile. Kabla hata ya salamu aliniuliza kama nimemwona dume anayemwitikia tangu mwaka juzi. Nikamwonyesha kifilimbi changu. Alicheka hadi chai ikamwagikia daftari. Kumbe miaka miwili tulikuwa tunahesabiana, kila mmoja akimwandika mwenzake kama kundi zima. Siku hizi tunahesabu pamoja, mmoja akipuliza mwingine anafunga mdomo, na hesabu ya mwaka huu ni ya ndege wenye manyoya. Mwambie Mama asianze kushona nguo za harusi, lakini cherehani asiiuze.

Sasa nimezungukazunguka vya kutosha. Mwaka jana ulisafiri mpaka huku kwa kuiamini karatasi yangu. Tulishinda siku tatu katika bonde lile na hukusikia hata ndege mmoja. Nami nikasimama kando yako nikakwambia kwamba wanaita, tena wengi, upande wa kushoto. Ulitega sikio, ukaniangalia, ukasema basi, uzee umebisha hodi. Ulipofika nyumbani bunduki ukampa Baba Mdogo, mbwa ukamwachia jirani. Mama ananiandikia kwamba siku hizi hata kwenye maongezi unanyamaza, unaogopa usije ukajibu jambo ambalo hukuulizwa.

Sikusikia kitu, Baba. Karatasi ilikuwa na jina langu, nikaona aibu, nikaona heri lawama ziangukie masikio yako kuliko hesabu yangu. Nilipomsimulia huyu mwenzangu, hakucheka. Alisema hatakuja kukuamkia mpaka niwe nimekuandikia, nami nilimwona ana haki. Nimeichana barua hii mara nne. Nisamehe.

Msimu unafunguliwa mwezi ujao. Kamdai Baba Mdogo bunduki yako, kamchukue mbwa, uje. Nitakupokea kituoni mwenyewe.

Mpe Mama shikamoo yangu, na Baba Mdogo vilevile, ingawa najua atanuna. Wadogo zangu waambie kaka yao anawakumbuka kila siku. Na wewe, Baba, usimwache mtu yeyote akupazie sauti tena. Bonde lilikuwa kimya, na kati yetu sisi wawili, wewe ndiye uliyesikia sawasawa.

Wako kwa mapenzi na kwa aibu kidogo,

Mwanao, mhesabu ndege