Sahani Isiyo na Duara

Lund, Jumapili asubuhi

Kwako Torkel, mdogo wangu profesa,

Keki ya tufaha uliyoiacha ulipokwenda mkutanoni nimempa mbwa wa jirani. Ameisusa.

Unakumbuka sahani zangu za maziwa kule maabara, nilizooteshea bakteria wa mgonjwa mmoja? Uliwaambia wanafunzi, kahawa mkononi, "Dada Gunvor kazeeka, siku hizi hata maziwa yanamshinda." Wakacheka. Bakteria hawa hutema kimeng'enya kinachokula maziwa na kuacha duara safi. Waliotoka kooni waliacha duara. Waliotoka mguuni, kwa mgonjwa yuleyule, hawakuacha. Ukasema nimekosea, ukaamuru nizitupe.

Sikuzitupa. Nimesoma jeni zao. Kwa wale wa mguuni, ile inayoamrisha kimeng'enya kitemwe imeharibika herufi moja tu. Na kimeng'enya hicho ndicho kilichokuwa kikikatakata hata sumu za bakteria wenyewe, kwa hiyo sasa sumu hizo hazina wa kuzizuia. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelishuku. Wewe ulishuku mikono yangu.

Sahani zilikuwa na namba tu, na hukujisumbua kuuliza ni za nani. Mimi niliuliza. Ni za mama, yule uliyemwambia kwenye simu, "Goti hilo ni uzee tu, weka barafu."

Yu hai, kwa hiyo suti yako nyeusi iache kabatini. Mguu wa kushoto ndio haupo.

Anakuulizia kila siku. Nimemwambia umebanwa na kazi, unatafuta makosa yangu.

Ni mimi dada yako, mwenye mikono mizee,
Gunvor