Mtandao wa Kuona Mikono

Jumatatu, 4 Machi

Leo tena picha imeganda. Mama alikuwa anamsimulia Mama Mdogo habari za nyonga yake, jinsi mtu wa mazoezi anavyomkunja mguu huku akimwambia apumue. Mara Mama Mdogo akabaki vile vile kwenye kioo cha simu — mkono juu, vidole vimekuwa ukungu. Mama akasubiri. Akapunga. Akakigonga kioo kwa ukucha kama anayebisha hodi.

Wenye kusikia, picha ikiganda, wanaendelea kwa sauti. Hawa wawili ndiyo basi tena. Pacha, viziwi tangu kuzaliwa, miaka sabini na moja. Lugha yao ya mikono waliianza wenyewe kitandani kabla hawajajua kuna shule. Shuleni wakafundishwa alama za watu wote, lakini zao hawakuziacha. Hata mimi, niliyelelewa kwenye mikono hiyo, naambulia robo tatu tu.

Mama akanigeukia: huu mtandao wako umechoka kuliko mimi.

Nikacheka. Halafu nikaenda jikoni nikasimama tu, sina ninachofanya.

Kampuni ya kebo wamemaliza kuchimba mtaa wetu. Kipeperushi chao kiko mlangoni tangu wiki iliyopita. Kesho nawapigia.

Jumanne, 5 Machi

Nimewapigia kutoka kazini, nimejibanza kati ya makabati ya masjala ili mkuu asinione. Kijana wa kampuni ana maneno matamu. Megabiti mia tano, dada! Sinema unaishusha kabla chai haijapoa!

Nikamuuliza: na kupandisha?

Akashusha sauti: kupandisha ni ishirini, lakini watu wengi hawakuhitaji.

Mimi kupandisha nakuhitaji. Mama akiongea, mikono yake inapanda kwenda kwa dada yake. Dada akijibu, inashuka kwetu. Nyumba hii inaongea pande zote mbili. Sasa hivi laini yetu ya zamani inapandisha megabiti moja, ikiamka vizuri.

Akasema ishirini zinatosha kabisa kwa picha ya mtu mmoja. Akaniuliza kama nitakodi kisanduku chao, ambacho ni modemu na ruta humo humo, au nitanunua vyangu. Nikinunua, modemu lazima iwe kwenye orodha yao, la sivyo laini haitaitambua. Fundi atakuja Jumatano ya wiki ijayo.

Mapema zaidi? Haiwezekani.

Siku nane!

Jioni ujumbe wa Kaka, mtoto wa Mama Mdogo, ndiye anayemuuguza: “Leo vijiko vitatu tu vya uji. Usimwambie Mama Mkubwa bado.”

Nikajibu sawa. Mama alikuwa mbele yangu anakunja nguo.

Alhamisi, 7 Machi

Saa ya chakula nimekwenda dukani. Muuzaji ni mtu mzima, miwani imemkalia kwenye paji la uso. Akanitolea ruta yenye antena nane, kama buibui aliyelala chali.

— Unacheza gemu?

— Hapana.

— Mko wangapi nyumbani?

— Wawili.

— Basi hii mtaishangaa tu.

Akairudisha. Alinielewesha taratibu, bila kunifanya mjinga. Modemu ndiyo inayozungumza na waya wa kebo unaotoka nje. Ruta ndiyo inayogawa mtandao vyumbani. Vikiwa kisanduku kimoja, nyaya ni chache, ila kikifa kimoja vimekufa vyote. Vikiwa mbalimbali, kila kimoja unakibadilisha kivyake.

Nikamuuliza ipi haigandishi picha.

— Picha ya sinema?

— Ya mtu. Mama yangu na pacha wake wanaongea kwa mikono.

Akaishusha miwani machoni. Nadhani ndipo aliponiona. Akasema basi kwangu kasi kubwa si hoja, hoja ni kutokukatika. Modemu ya toleo jipya iliyoko kwenye orodha ya kampuni, ruta ya kawaida tu, na kutoka kwenye ruta nivute waya mpaka kwenye kompyuta. “Hewani kuna kuta, kuna majirani, kuna mikrowevu ya mtu. Waya hauna ugomvi na mtu.”

Nilikuwa na kila sababu ya kununua pale pale. Sikununua. Nikasema nitafikiri.

Nifikiri nini? Kana kwamba nikichelewesha modemu nachelewesha na mengine.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike tu. Humu hasomi mtu.

Tarehe tisa Februari, Kaka alipiga simu. Akasema madaktari wamefungua tumbo la Mama Mdogo, wameangalia, wamefunga. Hawakukata kitu. Alikuwa analia kama mtoto, na mimi nasema pole, pole, huku namtazama Mama kwa dirishani anaanika mashuka, anachechemea.

Operesheni ya nyonga ilikuwa tarehe kumi na mbili. Tuliisubiri miezi saba. Daktari alishasema, ikiahirishwa tena huenda asitembee.

Ningemwambia Mama siku ile, angeghairi. Nina hakika kama ninavyojua jina langu. Angepanda basi kesho yake na mguu wake mbovu, saa tisa za njia, wangekaa pamoja kitandani kama zamani, mikono ikienda mpaka ichoke. Mama Mdogo wakati ule alikuwa bado anakaa, anakula, anatania.

Sikumwambia. Nikamwambia Kaka naye asiseme, hata kwa Mama Mdogo, aliyeambiwa ni kidonda tu cha tumbo. Kwamba Mama apate nafuu ya nyonga kwanza, halafu.

Sasa nyonga imeshonwa, inapona vizuri, kila mtu anaisifu. Na hairuhusiwi kusafiri mpaka mwisho wa mwezi. Kaka anasema hajui kama mwisho wa mwezi upo.

Nilimwokolea mguu. Nikamnyang'anya safari.

Halafu naenda dukani kuchagua ruta!

Jumamosi, 9 Machi

Mama amekataa kubaki. Eti mtambo wa kuonea ndugu yake hauwezi kuchaguliwa na mtu ambaye hata viatu anachaguliwa. Tumekwenda kwa teksi, dukani akaingia na fremu yake ya kutembelea, hatua moja, pumzi mbili. Muuzaji akaacha wateja wawili akamletea kiti.

Mama kila mtu humpa jina la mkono. Huyu amempa: kidole kinachosukuma miwani juu. Nilipomtafsiria, muuzaji akalijaribu mwenyewe, akakosea, akawa amejiita mbuzi. Mama alicheka hadi akashika nyonga.

Halafu akawa hacheki tena. Akaniambia: muulize, nitaviona vidole vyake vidogo? Wewe huvijui. Sisi maneno yetu mengi yako kwenye vidole vidogo.

Nikauliza. Muuzaji akataka kujua kwanza mtandao wa upande wa pili. Nikasema kwao uko imara, Kaka anafanyia kazi nyumbani, kizingiti ni sisi.

— Basi mwambie Mama, hata kucha ataziona.

Tumenunua. Modemu ndogo nyeusi, ruta nyeupe ya antena nne, na waya wa mita kumi. Mama alikataa mfuko uwekwe nyuma ya gari. Kaupakata njia nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Jana na leo hawajaongea. Kaka anasema Mama Mdogo amelala. Dawa za maumivu.

Mama ameniuliza: analala mchana kutwa, yeye aliyekuwa ananiamsha mimi kwa kunivuta nywele?

Nimemwambia ni mtandao. Kwamba simu haishiki.

Nimeusingizia mtandao. Akaamini. Akakipapasa kisanduku kilichoko mezani bado hakijafunguliwa, akasema Jumatano haifiki.

Jumatano, 13 Machi

Fundi amefika saa tatu asubuhi. Mwanamke, buti nzito, ngazi begani, hana porojo. Akazunguka nyumba mara moja, akaniuliza kebo iingilie wapi. Nikasema sebuleni, karibu na dirisha, maana Mama anahitaji mwanga usoni na mikononi. Wengine, akasema, wanachagua penye televisheni.

Alipotoboa ukuta, Mama aliweka kiganja chake ukutani upande wa ndani akasikia mtetemo. Akaniambia umeingia! kabla mimi sijaona ncha ya keekee.

Modemu ikawaka, taa ikapepesa, ikakataa kutulia. Fundi akapiga simu ofisini kwao kusoma namba iliyo chini ya modemu ili waisajili. Wakamwambia haipo. Akasoma tena. Haipo. Moyo wangu! Nikadhani nimenunua isiyo kwenye orodha. Saa nzima tumesubiri, wao wanatusikilizisha muziki. Mwisho nikaichukua modemu mwenyewe nikaisogeza dirishani: alichokuwa anasoma kama nane ni herufi B. Miaka kumi na tisa ya masjala, angalau imefaa kitu.

Taa ikatulia.

Ruta akaiweka juu ya rafu, mahali wazi, akanikanya nisiifiche kabatini eti kwa urembo. Waya akaupitisha ukingoni mwa ukuta mpaka kwenye kompyuta yangu ili Mama asijikwae. Akapima: kushuka mia nne themanini, kupanda kumi na tisa. Mama akamshika fundi mikono yote miwili na hakumwachia mpaka fundi akaanza kuona haya.

Nikamwandikia Kaka: tayari.

Akachelewa kujibu. Kisha: “Dada, picha ikiwa safi hivyo, si ataona?”

Nimeusoma ujumbe huu mara sijui ngapi. Wiki nzima nimehangaika na vidole. Uso sikuufikiria kabisa.

Alhamisi, 14 Machi

Kaka anasema kesho saa nne asubuhi, kabla ya dawa, ndipo Mama Mdogo huwa macho.

Nimeomba ruhusa kazini. Nilitaka kumwambia Mama leo. Wakati wa chai nikainua mikono. Akaniuliza nataka nini. Nikasema sukari.

Ijumaa, 15 Machi

Saa nne kamili. Mama kavaa gauni la bluu, kajipaka mafuta mikono, kaketi dirishani. Mimi nimesimama nyuma ya kiti.

Picha ikafunguka. Haikutetemeka hata kidogo. Niliona mshipa wa shingo. Niliona midomo iliyopasuka, na mto ulivyozidi kichwa. Wiki zote zile ukungu ulikuwa unamnenepesha.

Mama akakisogelea kioo. Kaka alikuwa pembeni anamshikia mama yake kiwiko, na mkono wa Mama Mdogo ukanyanyuka kidogo juu ya shuka. Kidole kidogo kikajikunja mara mbili, kikagusa gumba. Alama yao. Siijui.

Mama akaijibu papo hapo. Kisha wakaenda, Mama haraka, Mama Mdogo polepole, vidole viwili tu, na hakuna neno lililopotea. Mara moja Mama Mdogo alitabasamu. Sikuelewa nini.

Alipofumba macho kupumzika, Mama akanigeukia.

Tangu lini?

Leo hapakuwa na mtandao wa kusingizia. Nikasema: kabla ya nyonga.

Akaitazama mikono yangu kama anayedhani amesoma vibaya. Akaniambia rudia.

Nikarudia.

Hakunipiga, hakulia. Akanionyesha mlango.

Nimekaa jikoni saa nzima. Kwa upenyo naona mgongo wake na viwiko vinavyosogea. Mara vinakoma muda mrefu, kisha vinaanza tena.

Sasa hivi ameingia na fremu yake. Kaketi mbele yangu. Ananiambia nimpigie daktari wa nyonga. Nimuulize, nikimlaza kiti cha nyuma cha teksi, na mto katikati ya magoti, tukisimama kila saa, itakuwaje.

Nikasema daktari atakataa. Akasema: sikukuuliza wewe.

Naandika huku simu iko begani, hospitali wameniweka kwenye foleni. Mama kaninyang'anya leso niliyokuwa nafutia uso. Ameyakaza macho kwenye midomo yangu. Yangu huisoma vizuri kuliko ya mtu yeyote.

Daktari amepokea. Anauliza ni nani anayezungumza. Anauliza tena. Naifungua midomo, taratibu ili Mama aisome: ni mtoto wa mgonjwa wako wa nyonga, ana swali.